Maneno ya kuyajua kabla hujapeleka kazi kuprintiwa

Watu wengi hapa Mombasa siku hizi wanajitengenezea kadi ya harusi kwa simu, rangi inawaka vizuri, halafu ikitoka kwa printa imefifia na mwenye duka ndiye anatukanwa. Si kosa lake kila mara. Simu inatoa mwanga, inachanganya nyekundu, kijani na buluu, hiyo ndiyo RGB, lakini karatasi haina mwanga wake, inapigwa wino wa sayani, majenta, manjano na nyeusi, ndiyo CMYK, sasa ile kijani ya kuwaka na ile pinki kali kwa rangi nne hizo hupati ng'o. Programu yako ikikubali weka CMYK toka mwanzo uone mapema zipi zitazimika.

K ni nyeusi. Maandishi madogo yaweke K pekee, asilimia 100, manake yakipigwa kwa wino zote nne na karatasi ikasogea kidogo tu, kila herufi inapata kivuli cha rangi pembeni, na kadi yenye majina ya wazee wa pande zote mbili ikitoka hivyo hapo kuna kesi!

Rezolusheni nayo ndiyo inaua picha. Picha ni vidoti, pikseli, na kazi ya kushikwa mkononi inataka kama 300 kwa kila inchi, mafundi wanaita DPI. We gawanya tu: picha ya pikseli 1200 kwa 900 itatoka safi kwa inchi 4 kwa 3, ukiilazimisha ijae A4 itakuwa ukungu, A4 nzima yataka 2480 kwa 3508. Kuandika 300 kwenye programu hakuongezi kitu, pikseli ni zile zile. Benna la kutundikwa juu hata 100 yatosha, laonekana kwa mbali. Na WhatsApp ukituma kama picha inaikamua, tuma kama dokumenti.

Blidi ni ile milimita 3 ya rangi unayozidisha nje ya mstari wa kukata, bila hiyo utaona ukingo mweupe. Faili peleka PDF.

Omba sampo moja kabla hazijapigwa zote, uitizame nje juani, si chini ya taa ya duka. Na kama mwataka kadi iende na leso za sare mlizonunua Biashara Street, msitume picha ya leso, kamera nayo ina rangi zake, nendeni na leso yenyewe muiweke ubavuni mwa sampo.