Namna ya Kusoma Majibu ya Wakristo kwa Ulimwengu wa Kisasa

Anayetaka kuelewa jinsi fikra ya Kikristo ilivyoukabili ulimwengu wa kisasa asianze kwa kuwagawa wanateolojia kuwa wahafidhina na wanamageuzi. Atafute kwanza swali lililomkabili mwandishi siku aliposhika kalamu.

Chukua Orodha ya Makosa, yaani orodha ya mafundisho aliyoyakataa Papa Pio IX, ya mwaka 1864. Ina kauli 80, nazo zimeandikwa jinsi wakosaji wanavyozisema. Kwa hiyo kila kauli isomwe kama jambo linalokataliwa, si linalofundishwa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kauli ya mwisho yadai kwamba Papa anaweza, tena anapaswa, kupatana na maendeleo, uliberali na ustaarabu wa kisasa. Ukiisoma peke yake, utadhani Kanisa lililaani hata gari la moshi. Ifuatilie basi hadi ilikotoka: ni hotuba ya Papa huyo ya tarehe 18 Machi 1861, siku moja baada ya kutangazwa Ufalme wa Italia, uliokwisha kutwaa sehemu kubwa ya nchi alizozitawala Papa. Ustaarabu unaokataliwa pale ni ule uliomnyang'anya. Hata hivyo, mazingira yasigeuzwe kichaka cha kujifichia, kwani kauli ya 77 inakataa wazo kwamba wakati umepita wa Ukatoliki kuwa dini pekee ya dola, ilhali tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitambua uhuru wa dini kuwa haki ya kila mtu. Badiliko hilo ni la kweli, na msomaji mwaminifu hulikiri.

Kwa Waprotestanti, fanya vivyo hivyo. Mwaka 1799 Schleiermacher, mwanateolojia Mjerumani, aliwaandikia wasomi walioidharau dini, ndiyo maana alianzia kwenye hisia ya ndani. Karl Barth, mwanateolojia Mswisi, aliwaona walimu wake miongoni mwa wasomi 93 wa Ujerumani waliotetea vita mwaka 1914. Swali lake likawa kama teolojia iliyoegemea utamaduni yaweza kuukemea utamaduni huohuo.

Kisha soma Azimio la Barmen la mwaka 1934, tamko la imani la Waprotestanti wa Ujerumani chini ya utawala wa Hitler, ambalo Barth ndiye mwandishi wake mkuu. Kila moja ya hoja zake sita hukiri jambo, halafu hukataa fundisho la uongo. Anza na sehemu ya kukataa, ukijiuliza ni nani, katika Ujerumani ya mwaka ule, aliyekuwa akilihubiri fundisho hilo.