Jinsi ya kufuatilia fangasi za kwenye damu kwa wagonjwa waliolazwa, mwaka hadi mwaka

Hospitali ya mkoa kama ile ya Tabora ikitaka kujua kama fangasi za kwenye damu zinaongezeka, isihesabu wagonjwa peke yao. Chupa za kuoteshea damu (damu ya mgonjwa huwekwa humo ili vijidudu vilivyomo viote) zikiadimika miezi mitatu, mstari wa grafu utashuka huku watu wanaumwa vilevile. Kwa hiyo safu ya kwanza ya daftari iwe idadi ya chupa zilizopokelewa kila mwezi, wodi kwa wodi. Kisha andika namba ya jalada, umri, tarehe ya kulazwa, tarehe ya kutoa damu, mrija wa mshipa mkubwa kama upo, antibiotiki alizopewa, jina la fangasi na hali ya mgonjwa siku ya 30. Bila tarehe ya kulazwa hutajua nani alikuja na ugonjwa na nani aliupatia wodini.

Mtu mzima atolewe ml 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili za mwili. Hata hivyo uoteshaji hukosa karibu nusu ya wenye kandida (aina ya fangasi anayeingia kwenye damu) iliyozama mwilini. Damu ikiwa kidogo, hukosa zaidi.

Chupa ikiota, paka rangi ya Gram (rangi ya kuonyesha vijidudu kwenye hadubini). Utaona seli za zambarau zenye umbo la yai, kubwa kuliko bakteria, nyingine zikiwa na kichipukizi ubavuni. Usiandike kwamba ni uchafu. Kandida kwenye damu ni ugonjwa hata ikiota chupa moja tu. Mpigie daktari simu palepale.

Sasa itafutie jina. Gusa koloni (kundi la fangasi walioota) kidogo sana, koroga kwenye ml 0.5 ya seramu (maji ya damu yasiyo na seli), weka nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3, kisha tazama tone kwenye hadubini. Candida albicans hutoa mrija ulionyooka, usiobanwa pale unapoanzia. Ukiweka koloni nyingi mrija hautoki. Ukipitisha saa 3, Candida tropicalis nayo huanza kurefuka (yake imebanwa shingoni) na utadanganyika. Umeme ukikatika katikati, rudia.

Isiyo albicans usiiache na jina la "kandida" tu, maana mabadiliko ya miaka mingi yamejificha hapo hapo. Candida krusei haisikii flukonazoli, dawa ya fangasi, kabisa. Candida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, mara nyingi hupewa jina lisilo lake na vipimo vya zamani. Ukishindwa, hifadhi koloni uipeleke maabara ya rufaa.

Mwisho wa mwaka, mgonjwa mmoja ndani ya siku 30 ni tukio moja, hata akiota chupa tano. Gawanya matukio kwa jumla ya siku za kulazwa za wagonjwa wote, zidisha kwa 10,000: matukio 6 kwa siku 48,000 ni 1.25. Namba zikiwa ndogo hivi, linganisha miaka mitatu kwa mitatu. Ukibadilisha kipimo, chora mstari wa wima kwenye grafu mwezi huo.

Lakini watoto wachanga watatu wakiota kandida ndani ya wiki mbili, usingoje hesabu ya mwaka. Siku hiyohiyo kagua kanula (mirija midogo ya mshipani), dripu zinazochanganyiwa wodini na unawaji wa mikono.