Kabla hujailaumu laptopu, pima joto lake

Jua la saa nane hapa Kisumu linajulikana, na laptopu iliyowekwa juu ya kitanda inaumia kuliko wewe. Yako ikianza kukokota huku feni ikinguruma kama mashine ya kusaga unga, angalia kwanza joto la prosesa, ile chipu kuu inayoendesha kazi zote. Task Manager ya Windows haitakusaidia hapo, kwa hivyo weka programu ya kupima joto, Core Temp au HWMonitor, zote zina toleo la bure. Mtu wa Linux ana amri ya sensors.

Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi hazina neno. Kazi nzito ikiifikisha 80 na kitu, ni kawaida ya laptopu. Ikikaribia 95 au 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue, na ndipo unapodhani imezeeka.

Yangu ilikuwa inagonga 97 kwa kufungua kivinjari tu. (Fundi mmoja alishanishauri ninunue nyingine!) Nilipofungua kifuniko cha chini, vumbi lilikuwa limeshikana mbele ya feni kama kipande cha blanketi. Nililitoa kwa brashi mpya ya rangi, nikizuia feni kwa kidole isizunguke. Pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa juu ya prosesa, ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Siku hizi, hata mchana, haipiti 74.