Cheti cha OBC kimekataliwa: jinsi ya kupinga katika ajira za serikali kuu ya India

Kesi nyingi za mgawo wa ajira kwa matabaka nchini India hazianzii kwenye Katiba, zinaanzia kwenye karatasi. Mtihani umefaulu, halafu jina linakatwa kwa sababu ya cheti cha OBC, yaani jamii zilizobaki nyuma, zenye asilimia 27 ya nafasi. Kabla ya kumlipa wakili, weka tangazo la kazi na cheti sambamba uvilinganishe.

Je, jamii yako imo kwenye orodha ya serikali kuu? Ikiwa imo kwenye ya jimbo tu, huna kesi, hata cheti kiwe na mihuri mitano. Kisha angalia kipengele cha "malai", kinachowaondoa wenye nafuu. Kikomo cha mapato ya wazazi ni rupia laki 8 kwa mwaka, lakini mshahara na mapato ya shamba havijumlishwi. Mzazi aliye serikalini hupimwa kwa ngazi ya cheo. Ofisa akijumlisha mshahara, hapo una hoja. (EWS, wa wenye uchumi dhaifu, ni mgawo mwingine: huko kila pato linahesabiwa.)

Iandikie mamlaka ya ajira barua ya malalamiko, ugongewe muhuri wa kupokelewa. Siku hiyohiyo omba, kwa sheria ya haki ya taarifa ya 2005, alama zako na sababu ya kukatwa. Ada ni rupia 10, jibu ndani ya siku 30.

Likija jibu la mwisho, una mwaka 1 kwenda CAT, baraza la kesi za watumishi wa serikali kuu. Wakikaa kimya miezi 6, mwaka unaanza hapo. Barua za kukumbushia haziongezi hata siku moja, na hapa ndipo wengi hukwama. Jaza Fomu I, nakala 3, ada rupia 50. Waunganishe kama wadaiwa waliochaguliwa ambao ushindi wako ungewaondoa, la sivyo maombi yanaweza kutupwa. Omba pia amri ya muda, nafasi moja ibaki wazi.

Cheti kilichochelewa? Hukumu ya Ram Kumar Gijroya ya 2016 ilimwokoa mwombaji wa namna hiyo, ila usiiegemee sana: mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilisisitiza cheti kifuate muundo uliotajwa kwenye tangazo.

Ukishindwa CAT, nenda Mahakama Kuu ya jimbo, mbele ya majaji wawili. Ajira za jimbo kwa kawaida huanzia hukohuko, chini ya Ibara ya 226 ya Katiba.