Somo: Meza ya Nguzo Moja ya Kuchonga kwa Mbao Iliyochorwa na Kuvu

Gogo likilala mahali penye unyevu kwa miezi kadhaa, kuvu huingia na kuanza kulila. Ukilipasua kwa wakati wake unakuta mabaka meupe, vivuli vya kahawia, na mistari myeusi myembamba kama ya kalamu. Mistari ile ni mipaka. Kundi moja la kuvu likikutana na jingine, hujijengea ukuta mweusi wa kujikinga. Na kwa kuwa ni ukuta, ukichonga milimita mbili tu mstari unahama. Ndiyo sababu napenda mbao hii kwenye kazi ya kuchonga kuliko kwenye ubao bapa: nguzo yenye kiuno na mabega inaifanya mistari izunguke kama ile ya urefu wa milima kwenye ramani.

Lakini tusidanganyane: huo ni uozo ulioanza. Meza yangu ya kwanza ya aina hii niliichonga yote kwa mbao ya kuvu, hadi miguu. Mgeni aliegemea ukingo, mguu mmoja ukakatika kama biskuti. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: mbao ya kuvu ikae panapotazamwa, uzito ubebwe na mbao nzima, yaani isiyooza. Somo lote hili linafuata kanuni hiyo.

Vipimo

Kimo karibu sentimita 55, uso wa duara wa sentimita 44. Nguzo ni ya sentimita 12 kwa 12 kabla ya kuchongwa, urefu 45. Miguu ni minne, kila mmoja unafika sentimita 20 kutoka katikati ya nguzo.

Hatua ya 1: Kuchagua na kukausha

Michoro huonekana vizuri kwenye mbao nyeupe: mwembe, mkwaju, maple, bichi. Kwenye mbao nyeusi kazi yote ya kuvu inapotea. Bonyeza kwa ukucha sehemu mbalimbali. Ukucha ukiacha alama ndogo, inafaa. Ukizama na mbao ikarudi kama sifongo, kata sehemu hiyo uitupe. Hakuna gundi itakayoirudishia uhai. Gonga pia kwa kifundo cha kidole na usikilize, maana mbao nzima inalia na iliyooza inanyamaza.

Kuvu inahitaji maji. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20, inasimama. Kwa samani za ndani nenda hadi asilimia 8 au 12. Kama huna kipima unyevu, pima uzito wa ubao kila wiki. Ukiacha kupungua, umekauka kulingana na hewa ya mahali ulipo. Mbao za unene wa sentimita 2.5 huchukua takriban mwaka mmoja kivulini, na unene ukiongezeka muda unaongezeka.

Hatua ya 2: Kujenga nguzo yenye moyo

Usichonge nguzo kwenye gogo zima. Litachelewa kukauka na litapasuka kuanzia katikati. Chukua mti mgumu, mzima, wa sentimita 6 kwa 6, urefu 48. Huo ndio moyo. Uvike mbao za kuvu za unene wa sentimita 3 pande zote nne: mbili za upana wa 6 kwanza, kisha mbili za upana wa 12. Nyuzi zote zisimame wima ili nguzo ivimbe na kusinyaa kwa pamoja. Piga randa nyuso za ndani mpaka zigusane bila mwanga kupita, paka gundi ya mbao, kaza kwa vibano na uache usiku kucha. Moyo utokeze juu sentimita 3, tutauhitaji.

Hatua ya 3: Matundu ya miguu, kabla hujachonga chochote

Nguzo ikiwa bado mraba ni rahisi kupima. Toboa tundu moja kila upande, chini: kimo sentimita 7, upana 1.5, kina 5. Sentimita 3 za mwanzo zinapita kwenye mbao ya kuvu, 2 zinazama kwenye moyo. Usizidishe hapo, matundu yatakutana katikati na moyo utabaki mtupu.

Miguu ikatwe kwenye mbao ngumu ya unene wa sentimita 5, na nyuzi zikimbie kwa urefu wa mguu, kuanzia ulimi (ncha nyembamba inayoingia tunduni) hadi kwenye kidole (ncha inayogusa sakafu). Nyuzi zikikatiza mguu, utavunjika hata kama mbao ni chuma. Pinda la mguu lichorwe kwa upole kwa sababu hiyo hiyo. Pangilia miguu ili sehemu ya chini ya nguzo ikae sentimita 4 juu ya sakafu. Bado usigundishe.

Hatua ya 4: Kuchonga

Hapa usiwe na haraka. Chora kiuno cha nguzo pande zote nne, ondoa mbao nyingi kwa msumeno na patasi pana, halafu ingia na patasi ya mviringo. Kiuno kisipungue kipenyo cha sentimita 9. Pembe za moyo zinafika sentimita 4.2 kutoka katikati, na ukizifikia mbao tupu itachungulia katikati ya michoro. Chonga ukishuka kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Ukipanda kinyume, nyuzi zinang'oka, na kwenye mbao laini zinang'oka kwa mabonge.

Noa mara kwa mara kuliko ulivyozoea. Patasi butu kwenye mti mzima inakuchosha tu. Kwenye mbao ya kuvu inaponda badala ya kukata, na pale palipopondwa patafyonza rangi na kubaki na doa.

Zikibaki milimita 2 kufikia umbo la mwisho, simama. Paka tabaka moja la shelaki nyepesi (vanishi ya utomvu ulioyeyushwa kwa spiriti), ikauke, kisha dondoshea supaglu nyepesi sehemu zilizo laini. Shelaki inazuia gundi isisambae na kutia madoa. Supaglu usiifute kwa kitambaa cha pamba, kwani ikikutana na pamba hutoa joto kali na moshi.

Sasa gundisha miguu. Gundi ikikauka, tumia tupa ya mbao kuunganisha mstari wa mguu na wa nguzo, mpaka mkono ukipita usijue nguzo imeishia wapi. Binafsi hufumba macho hapa. Vidole vinaona kombo ambalo jicho limeshalizoea.

Hatua ya 5: Uso wa meza

Unganisha mbao za kuvu za unene wa sentimita 2.5, kata duara, chonga ukingo wa chini uwe mshazari ili uso uonekane mwepesi. Chini yake weka ubao mgumu wa unene wa sentimita 3, ukikatiza nyuzi za uso. Ulimi wa moyo, zile sentimita 3 zilizotokeza juu, uingie humo na ukazwe kwa kabari. Ubao huo ufungwe kwenye uso kwa skurubu tu, bila gundi: tundu la katikati libane, ya pembeni yawe marefu kidogo ili uso upate nafasi ya kutanuka.

Hatua ya 6: Msasa na vanishi

Msasa namba 80, 120, 180, 240, daima ukiwa umezungushwa kwenye kipande kigumu cha ubao. Ukitumia vidole, sehemu laini zitachimbika na ngumu zitabaki vilima. Maliza kwa vanishi ya maji tabaka tatu au nne; mafuta ya kitani hugeuza weupe kuwa manjano.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kuvu hii haitahamia kwenye samani nyingine nyumbani?

Marahaba mwanangu. Mbao ikiwa kavu, haihami na haiendelei. Ikilowa kwa muda mrefu inaweza kuanza tena kuoza, kwa hiyo meza hii isikae barazani penye mvua, na chini ya uso nako upake vanishi.

Fundi, kwa nini usitumie miguu mitatu? Haitikisiki hata sakafu ikiwa mbovu.

Ni kweli, kaka, haitikisiki, ila inapinduka upesi. Meza hupinduka kwenye mstari unaounganisha ncha za miguu miwili. Kwa miguu mitatu ya sentimita 20, mstari huo uko sentimita 10 tu kutoka katikati. Kwa minne uko 14. Na nguzo yetu ina moyo wa mraba, kila mguu unapata uso wake. Ikitikisika, weka meza mahali palipo sawa kabisa na upunguze mguu mrefu kwa msasa.

Nina pumu. Naweza kufanya kazi hii?

Dada, muulize kwanza daktari wako. Vumbi la mbao yoyote ni baya kwa mapafu, na hili lina kuvu pia. Hata asiye na pumu avae barakoa ya kuchuja vumbi inayobana vizuri usoni, si kitambaa, na afanyie kazi penye hewa inayopita.

Supaglu imeacha mabaka yanayong'aa, vanishi haijayafunika.

Gundi imebaki juu badala ya kuzama. Rudi msasa namba 180 mpaka mng'ao uishe, paka shelaki uso wote ili ufyonzaji ulingane, ndipo vanishi. Jaribu kwanza kwenye kipande ulichokata pembeni.

Nataka ya chakula, uso sentimita 90. Nizidishe vipimo mara mbili tu?

Hapana. Kimo kiwe 72 hadi 75, moyo uwe wa sentimita 10 kwa 10, na miguu ifike angalau 38 kutoka katikati. Chini ya nguzo funga bamba la chuma linaloshika miguu yote minne kwa skurubu, kwa sababu watu huegemea meza ya chakula kwa viwiko na ndimi za mbao peke yake zitalegea.