Korneli: Kutoka Mche Hadi Jamu na Dawa ya Tumbo

Katika bonde la mto Pielach, jimbo la Austria ya Chini, ambako ninaishi na kulima, kuna kichaka ambacho wenyeji hukiita Dirndl, neno ambalo katika lahaja yao lina maana pia ya binti. Wataalamu wa mimea hukiita Cornus mas, Waturuki hukiita kızılcık, nami hapa nitakiita korneli kwa kuwa Kiswahili bado hakijakipa jina. Kinao ndugu nyumbani Afrika Mashariki, Cornus volkensii, mti wa misitu ya Kilimanjaro, lakini huo haumo katika mwongozo huu.

Hatua ya kwanza ni kukitambua. Mwezi wa Februari au Machi, kabla ya jani lolote kuchipua, matawi yake hujaa vishada vya maua madogo ya manjano, na kufikia Agosti huning'inia matunda mekundu yenye umbo la tende ndogo, kila moja likiwa na kokwa moja ndefu. Ukitaka uhakika zaidi, chukua jani, lishike pande mbili na ulivute taratibu mpaka likatike katikati: vipande viwili havitaachana, bali vitabaki vimeunganishwa na nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui. Kipimo hiki kinakuonyesha ukoo tu, kwani hata Cornus sanguinea, jamaa yake mwenye matunda meusi ambayo hatuyali, hutoa nyuzi hizohizo. Ndiyo maana tunda nalo lazima litazamwe.

Hatua ya pili ni kupata mche. Mbegu sikushauri, kwa sababu kokwa lake ni gumu na mara nyingi halioti mpaka lipitiwe na majira mawili ya baridi, na baada ya hapo utasubiri miaka mingi kabla ya kuona tunda. Nunua miche iliyobebeshwa, yaani ambayo kikonyo cha aina nzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, ambayo huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, na ununue ya aina mbili tofauti, maana korneli inayochavushwa na mwenzake wa aina nyingine huzaa vizuri zaidi kuliko iliyo peke yake. Mimi ninayo Jolico ya Austria na Elegantnyi iliyotoka Kyiv, Ukraine.

Panda wakati wa vuli, miche ikiachana mita 4 au 5, mahali penye jua. Udongo wenye chokaa haukisumbui. Mwagilia kwa bidii katika majira mawili ya kwanza ya kiangazi, na ukate machipukizi yote yanayotoka chini ya sehemu ilipobebeshwa. Kupogoa kusizidi, kwa kuwa matumba ya maua ya mwakani huwa yamekwisha kujiunda tangu kiangazi, na mwenye kukata matawi ovyo wakati wa baridi anakata mavuno yake mwenyewe.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo huwashinda wengi, ni kuvuna. Mwaka wangu wa kwanza niliona matunda mekundu yanayong'aa, nikachuma kilo 6 kwa siku moja, nikapika jamu ambayo ilikuwa na ukakasi kiasi kwamba ulimi ulikauka kama aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Kosa lilikuwa langu: wekundu si dalili ya kuiva. Tunda lililoiva hugeuka rangi ya damu ya mzee, hulainika, kisha huanguka lenyewe kwa kuguswa kidogo. Kwa hiyo tandaza wavu chini ya kichaka, tikisa matawi kwa mkono bila kuyapiga fimbo, na urudie kila baada ya siku mbili au tatu, kwani hayaivi kwa pamoja. Yaliyoanguka yakiwa bado magumu yaache ndani kwenye sinia siku mbili, nayo yatalainika.

Hatua ya nne ni jikoni. Weka kilo 2 za matunda yaliyooshwa kwenye sufuria pamoja na kikombe kimoja na nusu cha maji, uyachemshe kwa moto mdogo mpaka yapasuke, takriban dakika 20. Mimina kwenye chujio lenye matundu mapana na usugue kwa mwiko. Nyama ya tunda hili hung'ang'ania kokwa, hivyo ukiona makokwa bado yana manyama, nyunyizia maji ya moto kidogo usugue tena. Pima rojo lililopatikana, kisha kwa kila kilo moja tia gramu 600 za sukari, urudishe motoni huku ukikoroga. Huhitaji kuongeza kigandishaji chochote, kwani tunda lenyewe linacho cha kutosha: dondosha tone kwenye kisahani cha baridi, na likikunjamana unapolisukuma kwa kidole, epua na ujaze chupa zilizochemshwa. Makokwa usiyatupe, huku huoshwa, hukaushwa na kujazwa kwenye mito midogo ambayo hupashwa moto na kuwekwa kwenye kiuno kinachouma.

Hatua ya tano ni dawa, na hapa ukakasi ule niliouonya unakuwa na faida, kwa sababu unatokana na tanini, ambazo hukaza utando wa utumbo. Tangu zamani watu wa Uturuki na Kaukasi hutumia korneli kutuliza kuharisha, na Waturuki huchanganya rojo lake na unga, wakaukausha mchanganyiko huo kuwa akiba ya supu ya mgonjwa. Mimi hukausha matunda yasiyoiva sana, kisha nachemsha kijiko kimoja cha matunda hayo katika kikombe cha maji kwa dakika 10 na kunywa yakiwa vuguvugu. Hiyo ni kwa mtu mzima aliyeharisha kidogo. Mtoto apewe maji ya ORS na apelekwe kituo cha afya, na mtu yeyote mwenye homa au anayeona damu kwenye choo naye aende huko bila kuchelewa.