Hotuba moja kwa wiki: ninavyosoma kwa simu hapa kwenye cherehani

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Shule niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Huu mwaka wa tatu nasoma kwa simu bila kulipa ada. Wateja wakiona daftari pembeni ya mkasi huniuliza waanzie wapi. Nawajibu hivi.

Chukua hotuba moja tu, ukae nayo wiki nzima. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza tano kwa siku, jioni sina hata moja ya kumsimulia mtu. Bando limekwisha na kichwani hamna kitu.

Anzia TED, shirika linaloandaa mikutano ya hotuba fupi. Tangu 2006 wanaweka hotuba mtandaoni bure, na nyingi hazizidi dakika 18. Tafuta fupi. Ya kwanza niliyoielewa sawasawa ni ya Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Aliitoa mwaka 2013 akiwa na miaka 13, dakika kama saba hivi. Simba walikuwa wanakula ng'ombe wa kwao usiku. Akawasha moto, kumbe unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akaweka sanamu ya mtu, usiku wa pili simba wakajua haisogei. Halafu akagundua kwamba akizunguka na tochi hawasogei karibu, wanaogopa mwanga unaotembea. Basi akaunganisha betri kuukuu ya gari, sola na kidude cha indiketa ya pikipiki, balbu zikawa zinawaka na kuzima zenyewe.

Siku ya kwanza soma kabla ya kusikiliza. Kwenye tovuti ya TED hotuba huwa na maandishi yake yote, na ukigusa sentensi video inaruka mpaka hapo. Baadhi zina tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo angalia orodha ya lugha kwanza. Kama haimo, nakili aya moja moja uiweke kwenye programu ya kutafsiri, lakini usiiamini kwa kila neno. Kile kidude cha indiketa, mimi ilinipa "sanduku la kiashiria", nikabaki nalo siku mbili. Mwisho nikavuka barabara kwa kijana anayetengeneza bodaboda. Akacheka, akachomoa kidude cheusi kinachoenea kwenye kiganja, akakiunganisha na betri: tik, tik, tik. "Si hiki, mama?" Neno lile sitalisahau tena, kwa sababu nimelishika. Kwa hiyo kila hotuba, tafuta mtu wa mtaani kwako anayeijua kwa mikono, ukamuulize.

Siku ya pili na ya tatu sikiliza. Ukiwa YouTube, gusa alama ya gia, shusha kasi mpaka 0.75 na ubora mpaka 144p. Picha itakuwa na ukungu, lakini sauti utaisikia na bando litadumu. Mimi husikiliza nikiwa napiga pasi au nafumua, kwa sababu cherehani ikizunguka sisikii kitu.

Siku zinazobaki, msimulie mtu kwa Kiswahili chako bila kuangalia daftari. Pale utakapokwama ndipo hujaelewa. Rudi hapo tu, usirudie yote.

Hotuba inakuamsha, lakini hesabu haikai kichwani kwa kusikiliza, inataka mazoezi. Kwa hilo natumia Khan Academy, tovuti ya masomo na mazoezi, ambayo ni bure tangu ilipoanzishwa 2008. Nililifuata somo la mduara kwa sababu ya sketi ya duara. Zamani nilikuwa nakata tundu la kiuno kwa kukisia, na kitenge cha mteja ukishakizidisha tundu hakirudi. Sasa nachukua kiuno, nagawa kwa 6.28, yaani 3.14 mara mbili, napata umbali wa kutoka katikati ya tundu mpaka ukingoni. Kiuno cha inchi 28 kinanipa 4.46. Nakunja kitambaa mara nne, naweka futi kwenye ile kona ya mkunjo, nazungusha chaki kwenye inchi nne. Nakata pungufu makusudi, kwa sababu mshono ukila nusu inchi tundu linapanuka. Siku ya kwanza kiuno kilipokaa bila rinda hata moja, nilikaa chini nikakiangalia kitambaa kile kwa muda. Nilifundishwa hesabu hiyo nikiwa mtoto, ila hakuna aliyeniambia ni ya sketi.

Kuna tovuti nyingine ambazo masomo unaweza kuyaangalia bure, ila cheti wanauza. Kama huombi kazi kwa cheti hicho, achana nacho, hela kanunulie bando.

Na bando likikata, uwe na Kiwix ndani ya simu. Ni programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Faili lake unalipakua mara moja, na la Kiswahili ni dogo sana kuliko la Kiingereza. Lipakue mahali penye Wi-Fi.

Kuhusu hotuba ya wiki inayofuata, usichague kwa kuvutiwa na picha. Mimi huacha ukurasa wa mwisho wa daftari kwa maswali tu. Baada ya Turere niliandika: je, bila sola umeme ungetoka wapi? Swali hilo likanipeleka kwa William Kamkwamba wa Malawi, aliyejenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na vitu vya kuokota, akiongozwa na kitabu cha maktaba. Mwaka 2007 alipanda jukwaa la TED hapahapa nchini, Arusha, na Kiingereza chake siku ile kilikuwa kifupi kama changu. Nilikielewa chote.